Keria Kwenye Gurudumu Moja

Kununua ninajua. Ninalisema hili mapema ili anayesoma ajue anasoma maneno ya nani. Shule niliiacha darasa la tatu, siku mwalimu aliponiuliza saba mara nane, nami nikamuuliza yeye kuku anayekaribia kutaga hujulikana kwa dalili gani. Hakujua. Nikaona tumelingana, nikaenda nyumbani.

Biashara yangu ilikuwa kuku. Niliwanunua vijijini kuzunguka Migori, wengine nikiwafuata mpaka Sori, na mara mbili kwa wiki nikawapeleka Homa Bay, ambako watu wameshiba samaki hadi wanamtazama kuku kama mgeni aliyetoka ng'ambo. Kumchagua kuku hakutaki macho. Macho huona manyoya, na manyoya hayaliwi. Unamnyanyua, unampima kwa kiganja, unambonyeza mfupa wa kifua, unampuliza chini ya mkia uone ngozi, unamweka sikioni usikie anavyopumua. Ukishajua kwamba ni mzima kabisa, unamwambia mwenyewe kwa sauti ya huruma kwamba kuku wake ni mgonjwa.

Sokoni nilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: muuzaji akikusukumia kitu, kikimbie. Kitu kizuri hakisukumwi. Ya pili: mkubwa akinunua, mtoto afunge mdomo. Mjukuu wangu, binti wa marehemu binti yangu, niliyemlea mimi Dani, bibi yake, tangu anatambaa, nilimfundisha hiyo ya pili kwa vidole. Alikuwa na miaka saba alipopiga kelele mbele ya mwenye kuku, "Dani, huyu mzuri sana!" na bei ikaruka pale pale kama panzi. Nilimfinya paja mpaka na mimi nikaumia. Tangu siku hiyo, nikianza kubishana bei, mtoto yule alinyamaza kama gunia la mahindi.

Sheria zangu hizo ndizo zilizokaribia kumpeleka Awendo.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mjukuu wangu amemaliza darasa la nane, na alama zake hazikutosha kumfikisha popote. Mwanangu wa kiume, mjomba wake, alikuwa dereva wa lori la miwa huko Awendo, na kama madereva wengi alidhani anajua njia za watu wengine pia. Akaja nyumbani, akala ugali wangu, akajipangusa mdomo, akasema:

"Mama, nimempatia mtoto kazi. Kuna msimamizi kule kwetu, mke wake amejifungua mapacha. Wanatafuta yaya."

"Mapacha?"

"Mapacha wazuri, watulivu."

"Mapacha watulivu hawajazaliwa," nikamwambia. "Wewe nilikuzaa peke yako ukanishinda."

Akacheka, lakini alikuwa ameshakata shauri. Baada ya wiki tatu, siku ya Jumatatu, angepita na lori amchukue. Mtoto alikuwa anasugua sufuria, na aliendelea kuisugua hiyo hiyo moja hadi nikadhani ataitoboa.

Siku ya soko iliyofuata tulikuwa Homa Bay. Nikamtuma chumvi. Akiwa huko, kuku mmoja akanitoroka, mweupe, wa miguu mirefu, mwenye akili za mwizi. Nikamkimbiza nyuma ya vibanda, nikapita kwa mafundi viatu, mpaka ndani ya ghala la zamani la pamba, ambalo lilikuwa limebakiwa na sakafu ya simenti na nusu ya paa. Nikaingia ninahema. Nikamuona mjukuu wangu, yule niliyemtuma chumvi, amekaa hewani.

Yawa! Nikapangusa macho nikatazama tena. Alikuwa amekalia kiti cha baiskeli. Chini ya kiti kulikuwa na gurudumu moja. Mbele hakuna kitu, nyuma hakuna kitu, na pa kushika hapakuwepo. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba wezi wamekula nusu ya baiskeli na mtoto hajagundua. La pili lilikuwa kwamba nikipiga kelele ataanguka. Basi nikasimama pale mkono mdomoni, yule kuku akanipita katikati ya miguu akatoka nje, na sijamuona mpaka leo.

Mtoto akaenda mbele. Akarudi nyuma bila kugeuka. Akazunguka mahali pamoja hadi sketi yake, aliyoivaa juu ya suruali kuukuu ya mjomba wake, ikafunguka kama mwavuli. Kisha akaondoa miguu kwenye pedali, akaweka nyayo juu ya tairi lenyewe, akawa analisukuma kwa vidole, hatua kwa hatua, kama mtu anayetembea juu ya mgongo wa ng'ombe naye ng'ombe anatembea.

"Huyu ni wako, mama?" akauliza mwanamume mmoja mwembamba aliyekuwa akichechemea kuja kwangu.

"Inategemea," nikasema. "Ameharibu nini?"

Hakuwa ameharibu kitu. Mwanamume yule alikuwa mwalimu wa sarakasi. Ujana wake aliumaliza ng'ambo akirushwa hewani na wenzake, hata siku moja wakasahau kumdaka, akarudi nyumbani na nyonga mbovu na sanduku la magurudumu. Sasa alikuwa na kikundi chake pale Homa Bay. Walizunguka wakicheza mashuleni na kwenye harusi, wakaishi nyumba moja, wakala chungu kimoja. Mjukuu wangu alikuwa akijifunza kwake mwaka mzima, nusu saa nusu saa, kila nilipomtuma kitu. Nikaelewa kwa nini chumvi ya Homa Bay huwa mbali kiasi kile.

"Nina nafasi ya mtu mmoja," mwalimu akasema. "Watatu wanaitaka. Jumapili ya tatu kutoka leo nitawatazama na kuchagua. Lakini kila mchezaji wangu ana gurudumu lake mwenyewe. Ni kama kiatu, mama, hakivaliwi na wawili. Ninayo machache ya ziada humo stoo. Niletee majogoo wawili nyumba ipate kula nyama, uchague moja."

Jumapili hiyo ilikuwa inatangulia Jumatatu ya lori. Nikamvuta mtoto pembeni.

"Na Awendo je?"

Akatazama vidole vya miguu yake. "Dani, mimi sitaki mapacha wa watu."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoniambia mwaka ule. Nami, kusema kweli, tangu mwanangu alipojipangusa mdomo kwa ule uhakika, nilikuwa natafuta tu fimbo ya kumpigia.

Nikarudi na majogoo wawili, tena wa kweli, si wale wa kuuza. Nikafunga kitambaa changu cha Sabato, maana kitu cha mamlaka hununuliwa na mtu mwenye mamlaka. Ndani ya stoo magurudumu yalikuwa yamening'inizwa ukutani kama mbuzi waliochunwa. Mwalimu akashusha dogo moja, la kimo cha goti langu, kiti chake kimezungushiwa utepe mweusi.

"Chukua hili, mama. Kwa mtindo wake huyu mtoto, wa kucheza, hili ndilo. Dogo, jepesi, linageuka mahali pamoja. Tairi ni laini..."

Mimi nilikuwa nimeshaacha kusikia. Nilichosikia ni muuzaji anasukuma. Kwa nini anataka liondoke? Kwa nini lile, na kwa nini haraka hivyo? Nikainua macho juu kabisa ya ukuta, nikaliona. Gurudumu kubwa, la kimo cha ile baiskeli nyeusi ya watu wazima, rimu inang'aa, uma mrefu unaolishika umesimama kama askari. Na mwalimu alikuwa hata hajalitaja! Huyu, nikasema moyoni, amelificha juu.

"Lile," nikanyoosha kidole.

Mtoto akakohoa.

"Lile ni la safari, mama. Ni la barabara, mtu aendaye mbali. Kucheza nalo..."

"Kwani bei yake ni tofauti?"

"Hapana, lakini..."

Mtoto akakohoa tena, mara mbili. Nikamwambia atoke nje akanywe maji.

Nisikilizwe kabla sijachekwa. Kwetu baiskeli haipimwi kwa kugeuka. Baiskeli inapimwa kwa mzigo. Mwanamume akinunua baiskeli Migori, watu huuliza kama imebeba gunia la mahindi na mke juu ya gunia, na mtoto wa mke juu ya bomba. Ikibeba, ni baiskeli. Isipobeba, ni kitu cha watoto. Sasa mjukuu wangu asimame mbele ya umati kwenye kigurudumu cha mtoto anayejifunza? Na tena, ukiwa umepewa gurudumu moja tu maishani, si uchukue lililo kubwa? Hata leo sioni kosa katika hesabu hiyo. Kosa lilikuwa kwingine.

"Mwalimu," nikamwambia, "wewe fundisha watu kuanguka. Mimi niachie kununua."

Akanitazama, akawatazama majogoo, akainua mabega. "Sawa. Lakini likitoka hapa halirudi. Hiyo ndiyo sheria yangu."

Nikamheshimu kwa hilo. Mtu asiye na sheria usimuuzie wala usinunue kwake.

Tulipofika Migori nililibeba begani kupita katikati ya soko ili lionekane. Wanawake wa mboga wakasimama.

"Dani, hiyo nyingine iko wapi?"

"Inakuja nyuma."

"Sasa hii mtu anaipanda na nani?"

"Na akili," nikawajibu, nikapita.

Nikamfikishia fundi wa baiskeli aliyekuwa karibu na posho mill, kinu chetu cha unga, mtu mzoefu, aliyewahi kuunganisha baiskeli iliyokanyagwa na trekta. Akaligeuza, akalitazama juu na chini kwa masikitiko.

"Dani, hili wamekuuzia uchi. Halina madigadi. Halina keria. Hata kengele!"

Nikaona aibu kama mtu aliyempeleka mtoto kanisani bila nguo. "Livalishe," nikasema.

Akalivalisha. Akapinda madigadi ya chuma, ikafunika tairi vizuri juu na nyuma, na mwisho wake akaning'iniza kipande cha mpira chenye kioo chekundu. Akaunga keria imara nyuma ya kiti, yenye miguu miwili iliyoshuka mpaka kwenye ekseli. Akatia kengele chini ya kiti, mahali ambapo mkono unaifikia ukitafuta. Tairi akalitoa kwa sababu lilikuwa laini, "Dani, na matope haya ya Migori?" akavalisha jingine lenye meno kama ya mamba. Kazi hiyo aliimaliza Ijumaa alasiri. Jua likatua, Sabato ikaingia, na kwenye boma langu siku ya Sabato hakipandwi kitu chochote isipokuwa mlima wa sala. Kwa hiyo mtoto hakulijaribu. Alipoletewa tu alilizunguka mara moja, akaziba mdomo kwa mikono miwili, macho yakajaa maji.

Nikamwambia fundi, "Unaona? Analia kwa furaha."

Jumapili tukawa Homa Bay mapema, mimi na mtoto na gurudumu na kikapu changu cha kuku, maana Homa Bay siendi bila kuku hata nikiitiwa mazishi. Ghala lilikuwa limejaa watu, wengine wamepanda ukutani upande usio na paa. Wale wawili wengine wakatangulia, msichana mmoja na mvulana mmoja, kila mmoja na kigurudumu chake kidogo. Nikawahurumia. Walizunguka kama nzi kwenye kikombe.

Ndipo mjukuu wangu akaingia na letu, na watu wakasema "Ooooh!" Nikakaa wima. Nilidhani ni heshima.

Kwanza, kiti kilimfika kifuani. Fundi wetu alikuwa amekikaza pamoja na keria, hakishuki. Alijaribu kupanda mara tatu, na mara ya tatu akafika juu kama paka anayepanda mlingoti. Akaenda. Meno ya tairi yakanguruma juu ya simenti, ngrrrr, kama jiwe la kusagia. Alipotaka kuzunguka mahali pamoja, gurudumu likachukua kona pana kama lori la mjomba wake, watu wa mbele wakavuta miguu. Alipotaka kurudi nyuma, keria ikamvuta kuliko alivyotaka. Akajishika, akatulia. Nikajua anakuja kwenye ule mchezo wake, wa kutembea juu ya tairi, ule ulionifunga mdomo siku ile.

Akaondoa miguu kwenye pedali. Akashusha nyayo zitafute tairi.

Zikakuta madigadi.

Alianguka ubavu na goti, na gurudumu likaanguka juu yake, na kengele ikalia yenyewe, kriiing, kama inayoomba njia. Watu walicheka hadi mmoja akadondoka ukutani. Mimi sikucheka. Niliona damu kwenye goti, na niliijua bei yake: majogoo wawili, na kiburi kimoja kikubwa.

Nikaenda nikapiga magoti pale kwenye simenti, nikapasua ukingo wa kitambaa changu cha Sabato nikamfunga.

"Ulijua?" nikamuuliza. "Nyakwara, mjukuu wangu, nakuuliza. Siku ile stoo, ulijua kwamba si hili?"

"Dani," akasema, "ulikuwa unanunua."

Nimepigwa na maisha mara nyingi, lakini kwa maneno matatu ilikuwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimemfunga mdomo kwa vidole vyangu mwenyewe, kisha nikamtuma akanywe maji.

Nikasimama, nikamwendea mwalimu. "Nataka kubadilisha."

"Mama, nilikuambia. Halirudi."

"Nilisikia."

"Na nilikuambia uchukue dogo."

"Hilo ndilo lililoniponza," nikasema. "Ungenikataza nisilichukue, ningelinyang'anya."

Hakucheka. Watu walisema mtu yule hajacheka tangu wenzake walipomkosa hewani. Nikaona Awendo hiyo inakuja, na lori lake, na mapacha wake watulivu. Nikageuka kulichukua gurudumu letu, nikalikuta lina mtu.

Alikuwa mchekeshaji wa kikundi, kijana mrefu kupita kiasi, mwenye magoti yaliyofika mahali ambapo wengine wana mbavu. Alikuwa amechuchumaa mbele ya gurudumu letu akiipiga kengele kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa wakwe.

"Dani," akasema, "hii keria inabeba nini?"

"Inabeba chochote."

"Kama nini?"

Sikufikiri. Kwenye kikapu changu nilikuwa na kuku mmoja mzee, mnene, mtagaji, aliyekwisha zaa na kulea na kuona mengi, hashtuliwi na mvua wala mwewe. Nikamtoa, nikamkalisha juu ya keria, nikamfunga kwa ule mpira wa kufungia mizigo. Akajitikisa mara moja, akatulia. Kijana akapanda, na kwa miguu yake ile kilikuwa kimo chake hasa. Akaondoka.

Kuku ana ajabu moja, na asiyejua amshike mmoja leo: ukimyumbisha mwili, kichwa chake hakiyumbi. Kinabaki pale pale kama kimetundikwa hewani. Basi kijana anayumba kushoto na kulia, mikono inaruka, anajifanya anaanguka, anapiga kengele, anaomba njia kwa watu wasiokuwepo, na nyuma yake kichwa cha kuku kimetulia tuli, jicho moja linatazama umati kwa dharau, kama mke wa mchungaji anayepelekwa mkutanoni kwa baiskeli ya mkopo. Sikuwahi kusikia watu wakicheka vile. Mwanamke mmoja aliketi chini. Na mwalimu, yule asiyecheka, alijishika nyonga na ukuta, akawa anasema "Wooi, nyonga yangu, mwambieni aache, wooi," na machozi yanamtoka.

Hapo ndipo nikarudi kwenye akili zangu. Ile sheria ya kwanza, ya kusukuma, ina upande wa pili ambao muuzaji mzuri haufundishi.

"Shuka," nikamwambia kijana.

"Dani, bado kidogo!"

"Shuka, nina safari. Nalirudisha Migori. Kuna mtu analitaka."

"Nani?" akauliza mwalimu, akijipangusa macho.

"Mtu."

Nikamfungua kuku wangu polepole, nikamtia kikapuni, nikashika gurudumu kwa kiti kama mtu anayemwongoza ndama nyumbani. Nilipiga hatua sita. Nilikuwa nimejiwekea kumi.

"Mama, ngoja kwanza."

Sikugeuka upesi. Tukazungumza. Alitaka gurudumu na keria yake. Mimi nikataka dogo moja, na mtoto atazamwe upya kama hajaanguka.

"Na kuku?" akauliza.

"Kuku ni maneno mengine. Kwanza mtoto."

Akatoa yote madogo aliyokuwa nayo, matatu, akayapanga kwenye simenti, likiwemo lile la utepe mweusi. "Haya, mama. Chagua."

Mtu asidhani ilikuwa rahisi. Ulimi wangu ulikuwa unapiga teke ndani kama mtoto wa mwezi wa tisa. Nikakaa juu ya kikapu, kuku wakalalamika chini yangu, nikasema:

"Nyakwara, chagua wewe."

Akanitazama kana kwamba nimevua nguo. "Na wewe Dani?"

"Mimi nimekuja kutazama. Nikikohoa usinisikilize."

Akayaendea. La kwanza lilikuwa jipya, jekundu, linang'aa, na nafsi yangu yote ilisimama kulishangilia. Akalisimamisha karibu naye. Kiti hakikushuka mpaka kitovuni. Akaliacha. Akachukua lile la utepe mweusi, lile mwalimu alilonisukumia, akalinyanyua kwa mkono mmoja kulipima uzito, akalizungusha na kuliweka sikioni. Kisha akashika pedali zote mbili, akazitikisa kwa nguvu, huku na huku. Tk, tk.

"Limelegea ekseli, mwalimu," akasema.

Mwalimu akatazama paa, upande ule ambao haukuwepo. Nami nikatazama mwalimu. Ningependa wanawake wa mboga wa Migori wangekuwepo.

La tatu lilikuwa aibu. Rangi imeambuka, kiti kimetafunwa na panya pembeni, mtu angelitupa nami ningemsaidia kulibeba. Akalizungusha, akaweka ncha ya kijiti karibu na rimu aone kama linapepesuka. Halikugusa kijiti. Akadundisha tairi kwenye simenti, likadunda gumu na kujibu vizuri, akalipapasa kwa kiganja: laini, halina meno. Akapima mikono ya pedali kwa shibiri, mifupi, ya kuzunguka upesi. Mwishowe akaugeuza uma, akaweka nyayo pale juu, kwenye mabega yake mawili kando ya tairi. Yalikuwa bapa kama kigoda, mguu unakaa.

Nikaitia leso yangu mdomoni nikaiuma. Nilikohoa mara moja. Haikuwa kwa makusudi. Hakugeuka.

"Hili," akasema.

"Nani amekufundisha kuchagua hivyo?" mwalimu akamuuliza. "Si mimi. Mimi sijafika huko bado."

Mtoto akanyoosha kidole kwangu, yaani kwenye kikapu nilichokikalia. "Kuku," akasema.

Akapanda. Goti limefungwa kitambaa cha Sabato, sketi juu ya suruali. Alizunguka mahali pamoja hadi uso wake ukapotea. Akarudi nyuma akiwa ameweka mikono kiunoni, kama mimi nikisubiri mtu anayechelewesha chenji. Kisha akashusha nyayo, na safari hii hapakuwa na madigadi. Zikalikuta tairi, akatembea juu yake kutoka ukuta hadi ukuta, ghala zima kimya, hata kuku wangu. Alipofika mwisho akaweka mguu mmoja juu ya mabega ya uma, mwingine akaunyoosha mbele, akateleza hivyo hivyo mpaka mbele ya mwalimu, akasimama.

"Kesho aje na nguo zake," mwalimu akasema. Halafu, akikitazama kikapu changu: "Na kuku?"

Kuku nilimwachia. Huyo nilichagua mimi, na hapakuwa na wa kunisahihisha. Nilisikia alizunguka nao miaka minne juu ya keria ile ya fundi wa Migori, akafa kwa uzee, na hakuna aliyethubutu kumla.

Jumatatu nilimpandisha mtoto gari la Homa Bay asubuhi, na begi lake, na lile gurudumu la aibu. Saa nne lori likanguruma mlangoni. Mwanangu akashuka, akajinyoosha, akatazama ndani.

"Yuko tayari?"

"Ameshakwenda kazini."

"Kazi gani tena, Mama? Nimewaahidi watu!"

"Kazi ya kukaa hewani."

Akanitazama kwa muda, kama anayepima umri wangu. Nikamweleza yote, tangu chumvi hadi kijiti. Nilipofika kwenye kengele alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori akishika tumbo. Lakini mapacha walikuwa bado mapacha, na msimamizi bado msimamizi.

"Sasa nitawaambia nini?"

"Mwambie huyo mama, pacha mmoja amlaze kushoto na mwingine kulia, na yeye akae katikati. Asitafute pa kushika, hapapo."

Mwanangu alikuwa ametengeneza kiti cha mbele cha lori, ametandika kitambaa, na kando ameweka miwa mitatu myororo ya kumsindikizia mpwa wake njiani. Nikaitoa yote mitatu. Nikaibonyeza, nikaipima, nikamwambia nitamfikishia mtoto siku ya soko. Lori lilipokata kona ya posho mill nilikuwa nimeshaanza kuumenya wa kwanza kwa meno, kwa sababu ulikuwa mgonjwa, maskini, usingefika Homa Bay.